Lita Sifuri





"Mzee, sisi ni vijana saba wa hapa Kyela mjini. Tunataka kupanda Mlima Kyejo usiku, tukaone jua likichomoza. Tumeambiwa kule kuna hewa mbaya. Tubebe maziwa lita ngapi?"

Huyo alikuwa wa nne tangu mvua zikatike. Wote wanne wameniuliza jambo hilohilo, kwa maneno karibu yaleyale, kana kwamba yamebandikwa ukutani pale stendi. Mmoja alitaka kujua kama mtindi unafaa kuliko maziwa freshi. Mwingine, mwalimu wa sekondari, mtu mwenye shahada yake, aliuliza iwapo ya pakiti yana nguvu sawa na ya ng'ombe wa kienyeji. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo hewa hukaa wapi, na hilo ndilo swali pekee lenye faida.

Basi nijibu hapa mara moja ili simu yangu ipumzike. Lita sifuri.

Hewa yenyewe ni hewa ukaa. Katika eneo la Kyejo na kushuka kuelekea bonde la Mbaka, inatoka ardhini ikiwa baridi kabisa, kupitia nyufa za miamba. Huko Busokelo kuna kiwanda kinachoivuna ardhini na kuiuza kwa watengenezaji wa soda na bia, kwa hiyo huenda ile "pshii" unayoisikia ukifungua soda ni pumzi ya mlima huohuo unaotaka kuupanda. Haina rangi wala harufu. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, ndiyo maana inatiririka na kutuama kama maji: inafuata mteremko, inajaa kwenye mbonyeo, inakaa humo kimya. Ndugu zetu wa Goma na Sake, wanaoishi chini ya Nyiragongo, wameipa jina, mazuku, na kwenye baadhi ya maeneo yao wamesimamisha mabango ya onyo kwa sababu inaua mifugo na watoto wanaoingia mashimoni bila kujua. Sisi bango letu ni maziwa.

Najua imani hii ilikotoka. Fundi wa kuchomelea huambiwa anywe maziwa yasafishe kifua. Mpiga rangi ya magari hupewa pakiti moja kila siku na bosi wake, ambaye kwake pakiti ni nafuu kuliko barakoa ya maana. Mtoto akinywa mafuta ya taa, jirani wa kwanza kufika huja na kikombe cha maziwa, jambo ambalo madaktari wamelipigia kelele miaka nenda miaka rudi kwa sababu mtoto akitapika, mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Maziwa kwetu yamekuwa kama shahidi anayeitwa kwenye kila kesi, hata zile ambazo hakuwepo.

Hii ni mojawapo. Maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni. Hewa hupita kwenye koo la hewa kwenda mapafuni. Njia hizo zikiingiliana tunaita kupaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kuponywa kwa kupaliwa.

Halafu hewa ukaa si uchafu ulioganda mahali ukisubiri kusuuzwa. Mwili wako unaitengeneza mchana na usiku. Pumzi unayoitoa sasa hivi ukisoma ina asilimia 4 hivi. Unaitoa nje kwa sababu nje imo kidogo sana, chini ya asilimia 0.05. Ukiingia mahali ambapo nje imejaa hiyohiyo, mwili hauna pa kuitupia. Watu wa Kyela hawahitaji mfano mrefu: ni kama kuchota maji ya mafuriko sebuleni na kuyamwaga nje wakati mto umeshafika dirishani. Kwenye asilimia 3 unaanza kuhema bila sababu. Kwenye 5 kichwa kinagonga na moyo unakimbia. Ikifika 10, dakika chache zinatosha kukupotezea fahamu. Ikizidi 20 au 30 hesabu ni ya pumzi, si ya dakika. Katika mpangilio huo, nionyesheni kikombe kinaingia wapi.

Bado mtu ataniambia, "Lakini mzee, wazee wetu walitumia." Twende Kamerun, basi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, lililo ndani ya kreta ya volkano kama Ziwa Ngozi letu la Rungwe, lilitapika hewa ukaa iliyokuwa imelundikana kwenye maji ya chini kwa miaka mingi. Hewa ile ilishuka na mabonde kama mto, ikafika vijiji vilivyo umbali wa zaidi ya kilomita 20. Walikufa watu wapatao 1,700. Sehemu ile ina wafugaji, na maziwa ni chakula chao cha kila siku. Mifugo zaidi ya 3,000, ng'ombe wakiwemo, ilikufa usiku huohuo. Nirudie hapo: ng'ombe nao walikufa. Viwele vyao vilikuwa na maziwa mabichi, ya kienyeji, yasiyochanganywa na maji, mwalimu wangu wa shahada. Kama maziwa ni kinga, hakuna aliyekuwa na akiba kubwa kuwazidi.

(Kabla hamjapiga simu kuuliza kuhusu Ziwa Ngozi: waliokwenda kulipima wamekuta maji yake yanachanganyika juu hadi chini, tofauti na Nyos, ambako maji mazito ya chini yalikuwa yamefunikwa na mepesi ya juu.)

Kitambaa chenye maji puani nacho kina wafuasi. Kina kazi yake siku mlima unapomwaga majivu, kwa sababu majivu ni vumbi la mawe na vumbi hunaswa. Hewa ukaa inapita. Wavu wa usipa huzuia usipa, hauzuii ziwa. Vitunguu swaumu sitavijadili. Mshumaa una ukweli kidogo ndani yake, maana hewa ikiwa nzito hiyo kweli unazimika, lakini ukizimika wewe mwenyewe uko karibu kuzimika, na siku hizi nani anapanda na mshumaa? Mnamulika kwa simu. Taa ya simu itaendelea kuwaka vizuri kabisa juu ya mwili wako.

Sasa swali ambalo lingepaswa kuulizwa: hukaa wapi, na lini?

Hukaa chini. Kwenye korongo, kwenye shimo la zamani, kwenye kijibonde chenye majani mazuri na kinga ya upepo. Na saa yake ni ileile mliyoichagua nyinyi. Mchana jua linapasha ardhi joto, upepo unachanganya hewa, na kilichotuama kinasambaa. Usiku ukitulia, hewa ya baridi inalala bondeni na mazuku inajaza mbonyeo wake taratibu bila kusumbuliwa, ikiwa imejaa zaidi kuelekea alfajiri. Kundi la vijana limetoka saa nane usiku, limechoka, upepo unakata masikio, kuna mtu anasema, "Jamani, tujibanze hapa kwenye shimo mpaka saa kumi na moja." Wanakaa. Mmoja analala na begi kichwani. Aliyesimama hana tatizo lolote, anapiga picha. Aliyelala, pua yake ipo sentimita 15 kutoka ardhini, anavuta hewa nyingine kabisa. Karibu na Napoli, Italia, kuna pango ambalo kwa karne kadhaa wageni walionyeshwa jambo hili kwa kuingiza mbwa: mwenye mbwa anasimama wima, mbwa anaanguka. Likaitwa Pango la Mbwa.

Kisha huja kosa la pili, ambalo Watanzania tunalifahamu kwenye visima na mashimo ya vyoo. Wa kwanza ameanguka. Rafiki anashuka kumtoa, anaanguka. Wa tatu anashuka kuwatoa wawili. Mwisho wanatolewa watatu kwa kamba, na mtaa unasema shimo lina jini.

Sisemi msipande. Ningekuwa na magoti ya zamani ningekwenda nanyi. Kyejo ndiyo volkano iliyolipuka mwisho katika eneo letu, takriban mwaka 1800, lava ikatokea ubavuni, kwa hiyo wanaosema "umekufa" wanazungumzia usingizi wa jana. Lakini hilo si la kuwazuia safari. Na mandhari yake ni ya kipekee kwa mtu wa Kyela. Huku bondeni jua hutufikia limeshachelewa, kwa sababu safu ya milima ya Livingstone imesimama juu ya Matema kama ukuta (na Livingstone si volkano, tafadhali, ni mwamba wa kale ulioinuliwa kwenye ufa wa ardhi). Kutoka Kyejo unaliona likivuka ukuta huo wakati mashamba ya mpunga chini bado yako gizani na ziwa limeanza kung'aa upande mmoja tu.

Haya, ya kufanya. Mchukueni mwenyeji wa kijiji cha chini ya mlima, anayejua mashimo ambako hata mbuzi wake hawapeleki, mlipeni vizuri, na akisema "si huku" msibishane naye. Kama mmeamua Mlima Rungwe badala ya Kyejo, ule ni msitu wa hifadhi wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo ombeni ruhusa kwanza. Pumzikieni mgongoni mwa mlima, penye upepo, hata mkitetemeka. Msikae wala kulala kwenye mbonyeo. Mkiona panzi, ndege au panya waliokufa mahali pamoja, au majani yamekauka duara katikati ya kijani, ondokeni. Ukihema ukiwa umekaa, kichwa kikikugonga, au ukihisi ladha ya soda ulimini, panda juu, usishuke. Mwenzako akianguka shimoni usimfuate: mtupieni kamba kama bado ana fahamu, iteni watu. Akishafikishwa mahali penye hewa safi na hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni, kisha hospitali bila kungoja aseme yuko sawa. Bebeni sweta na koti, maana kutoka Kyela mita 500 hadi Kyejo mita 2,100 na ushei joto linapungua nyuzi kama 10, na hiyo ni kabla ya upepo. Tochi ya kichwani, maji, viatu vyenye meno. Konyagi ibaki nyumbani na maziwa, viliwazane.

Nilimweleza yote hayo yule kijana kwa simu, karibu nusu saa, salio likiwa langu. Alishukuru sana. Jana jioni alipiga tena. Maziwa wameyaacha, anasema, wamenielewa vizuri. Wanataka kujua ndimu wachukue ngapi.