Kutafuta Shina la Maradhi kwa Ramani na Hesabu

Maradhi yanapoingia kijijini, wengi huuliza, "Nani aliyetuletea?" Swali hilo huzaa chuki baina ya jirani na jirani, wala halimponyi mgonjwa. Yafaa tuulize swali jingine: "Yametoka mahali gani?" Leo tutaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa kwa ramani na kwa hesabu ambazo kila mwanafunzi aweza kuzifanya.

Mwaka 1859 kipindupindu kiliua watu wengi mjini Kilwa Kivinje. Madaktari wengi wa zamani hizo walidhani kuwa maradhi hayo huletwa na hewa mbaya. Lakini miaka mitano kabla ya msiba huo, daktari mmoja wa London, jina lake John Snow, alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa huletwa na maji.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa wa Soho. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza habari, kisha akachora ramani na kutia alama kwa kila aliyekufa. Alama zilisongamana kulizunguka bomba la maji la Broad Street. Akachora pia mstari uliopita kila mahali ambapo mwendo wa kwenda bomba hilo ulikuwa sawa na mwendo wa kwenda bomba jingine. Ndani ya mstari vifo vilikuwa vingi. Nje yake vichache.

Katika vifo 83 alivyovichunguza kwanza, 10 tu vilitokea katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na bomba jingine. Je, hao maji ya Broad Street yaliwafikaje? Jamaa za watano walimwambia kuwa desturi yao ilikuwa kuteka huko, kwa sababu waliyapenda maji yake. Watatu wengine walikuwa watoto waliosoma karibu na bomba hilo. Basi wale walioonekana kuipinga hoja yake ndio walioitia nguvu. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa, watu wasiweze kuteka tena.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Tuchukue kijiji cha Likawage, bara ya Kilwa, na tuseme, kwa mfano tu, kwamba kina visima viwili na watu wanaharisha. Chora ramani, utie visima na nyumba zote. Unganisha visima kwa mstari ulionyoka, upate katikati yake, kisha upitishe hapo mstari wa pili unaoukata wa kwanza kwa pembe mraba. Kila nyumba iliyo upande huu wa mstari wa pili i karibu zaidi na kisima cha upande huu. Vivyo hivyo upande wa pili.

Halafu hesabu wagonjwa, lakini usihesabu wagonjwa peke yao. Tuseme upande wa kwanza una nyumba 60, na 12 zina wagonjwa. Upande wa pili una nyumba 20, na 10 zina wagonjwa. Mtu wa haraka atasema upande wa kwanza ndio mbaya, kwa kuwa 12 ni zaidi ya 10. Sivyo. Kule ni nyumba moja katika kila tano. Huku ni nusu nzima. Kisima cha upande wa pili ndicho cha kushukiwa kwanza. Tena, pima mwendo kwa njia ambayo watu huipita, maana mtu aendaye kuteka maji haruki juu ya bonde kama ndege.

Hata hivyo ramani haisemi yote. Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, walipatwa na homa iliyowakunja viungo, ambayo ulimwengu mzima leo huiita chikungunya, kwa neno la Kimakonde. Homa ile haikutoka kisimani. Maji yalikuwa mbali, kwa hiyo watu waliyaweka akiba majumbani, na mbu waenezao homa hiyo wakazaliana humo humo. Ramani hutuonyesha pa kuanzia kutafuta. Kuuliza na kupima ndiko kunakothibitisha.

Nayo ramani hudanganya ikiwa nyumba moja itaficha mgonjwa wake, kwa kuwa alama iliyokosekana yaweza kukipa kisima kibovu sifa ya uzima. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Basi, ukiona wagonjwa wawili watatu wa namna moja, peleka habari upesi zahanati, ueleze nyumba zao na mahali wanapoteka maji. Wakati mnapongoja jibu, chemsheni maji ya kunywa, maana hesabu huchukua siku, na kipindupindu chaweza kuua kwa saa chache.