Linda Vifaranga Wasiliwe na Paka

Hapa Igalula kuku wengi hujitafutia chakula uani. Kuku huatamia mayai kwa siku 21. Akiangua vifaranga 10, huenda baada ya wiki chache ukabaki na 3 tu. Je, wengine wamekwenda wapi? Mwewe huchukua mchana. Kicheche huja usiku. Paka wa jirani hunyemelea hasa alfajiri na jioni.

Usimwue paka huyo. Yeye hula panya wanaomaliza mahindi ghalani. Ukimwua, utapata ugomvi na jirani, na panya wataongezeka.

Fanya hivi:

1. Funika vifaranga na mama yao kwa tenga kubwa kwa wiki 4 za kwanza. Weka jiwe juu yake, paka asilipindue.
2. Wape humo humo maji, chenga za mahindi na mchwa.
3. Jenga banda la fito juu ya nguzo. Fito zikaribiane, paka asipitishe mguu.
4. Funga mlango kabla ya jua kutua.
5. Kifaranga akifa, mfukie. Paka akimla, atarudi kutafuta wengine.

Vifaranga wakikua, utapata mayai, kitoweo na fedha za daftari za watoto.

Maswali

1. Kwa nini tusimwue paka?
2. Tenga lina kazi gani?