Bomba la Umma, Fedha za Wawekezaji

Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kuteremka kuelekea Bahari ya Hindi. Kabla haujafika pwani unakingwa Mabayani, kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1978. Maji ya hapo husukumwa hadi mtambo wa Mowe, husafishwa, kisha huingia mabombani kwenda Usagara, Ngamiani, Makorora, Chumbageni na mitaa mingine ya Jiji la Tanga. Kwa miaka mingi, kila ulipozuka mjadala wa kupanua mfumo huo, fedha zilitazamiwa kutoka sehemu mbili: bajeti ya serikali au mfadhili wa nje.

Februari 2024 ikapatikana njia ya tatu. Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua mjini Tanga hatifungani ya kijani ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira, Tanga UWASA. Mamlaka iliomba shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Dirisha la mauzo lilipofungwa zilikuwa zimepatikana bilioni 54.72, yaani asilimia 103 ya lengo. Mei mwaka huohuo hatifungani hiyo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilikuwa mara ya kwanza nchini kwa mamlaka ya maji kwenda sokoni kukopa kwa jina lake yenyewe.

Hatifungani ni hati ya deni. Anayeinunua hawi mmiliki wa mabomba, wala hapati kiti kwenye bodi. Anakopesha fedha zake, analipwa riba kwa tarehe zinazojulikana, na muda ukiisha anarudishiwa mtaji wake. Kwa riba ya asilimia 13.5, shilingi 1,000,000 huzaa shilingi 135,000 kwa mwaka, zinazolipwa kwa awamu mbili za 67,500. Ikaitwa ya kijani kwa kuwa fedha zake zimefungwa kwenye kazi zenye manufaa kwa mazingira, na mkopaji anapaswa kuonyesha zimetumika wapi.

Huu ni ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi, lakini si ule uliozoeleka. Dar es Salaam iliwahi kujaribu sura nyingine. Agosti 2003 kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania, ilikabidhiwa kazi ya kusambaza maji na kukusanya bili. Haikumaliza miaka miwili. Mei 2005 serikali ilivunja mkataba ikisema malengo hayakufikiwa, na kesi zikaenda hadi kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa.

Tanga imepita kwingine. Mwekezaji ameleta fedha tu. Bomba, mita na bili vimebaki mikononi mwa mamlaka ya umma, na bei ya maji inaendelea kuidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mwananchi wa Makorora hana haja ya kujua nani kanunua hati ngapi. Anachotaka ni maji yatoke.

Lakini dawa ya deni ni kulipa, na deni hili linalipwa kutokana na mapato ya mamlaka yenyewe. Riba peke yake kwa mtaji wote ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka. Hapo ndipo bomba linalovuja mtaani linapogeuka kuwa suala la fedha: maji yaliyosafishwa kwa umeme na dawa, yakamwagika barabarani, hayana wa kuyalipia. Hali ni hiyohiyo kwa anayejiunganishia kwa wizi, na kwa ofisi inayolimbikiza bili. Zamani hasara hizo ziliishia kwenye ripoti za wakaguzi. Sasa kuna wakopeshaji wenye haki ya kuuliza.

Kwa nini Tanga, na kwa nini wakati huu? Mji ambao kwa miongo kadhaa ulisimuliwa kwa habari za mkonge na viwanda vilivyofungwa umeanza kuchangamka upya. Bandari imechimbwa kina na gati zake kuboreshwa, hivyo meli kubwa zinafunga gatini badala ya kushusha mzigo kwenye matishari katikati ya maji. Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Pongwe kuna saruji, Amboni kuna chokaa, na kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh hupokea maziwa ya wafugaji wadogo wa mkoa. Hakuna kati ya hivyo kinachoendeshwa bila maji. Mpango wa mamlaka ni kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi lita milioni 60 kwa siku, na kufikisha huduma zaidi Muheza, Pangani na Mkinga.

Ubia huu una upande mwingine usioonekana kwenye soko la hisa, nao uko mlimani. Mvua kubwa ikinyesha Amani, Zigi hubadilika rangi. Tope likizidi, mtambo unahitaji shabu nyingi zaidi ili chembe zishikamane na kuzama, vichujio vya mchanga vinaziba mapema na kuoshwa mara kwa mara, na udongo unaoshuka unalipunguzia bwawa kina. Gharama yote hiyo inaanzia kwenye shamba la mtu aliyelima hadi ukingoni mwa kijito.

Ndiyo maana wakulima wa bonde la Zigi, wanaolima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, wana umoja wao uitwao UWAMAKIZI, unaoshirikiana na Tanga UWASA kulinda vyanzo vya maji. Kazi yenyewe ni ya jembe: kuchimba makingamaji, kupanda majani ya kushika udongo, kufuga ng'ombe zizini badala ya kuwaswaga mtoni, na kuacha ukanda wa miti kando ya maji.

Njia hii ya kukopa sokoni si ngeni Afrika. Johannesburg iliuza hatifungani ya kijani mwaka 2014, na Cape Town ikafuata mwaka 2017. Hapa nyumbani, Benki ya CRDB ilitangulia mwaka 2023 kwa hatifungani yake ya kijani, iliyokusanya shilingi bilioni 171.8. Tofauti ni kwamba benki inaishi kwa kukopa na kukopesha, ilhali kwa mamlaka ya maji ilikuwa mara ya kwanza kuweka hesabu zake mbele ya wawekezaji na kuomba kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kama mkopaji mwingine yeyote wa sokoni.

Kwa kuwa hati hizo zimeorodheshwa, aliyekosa mwanzoni bado anaweza kuzitafuta kupitia dalali mwenye leseni wa soko la hisa, akipatikana muuzaji. Bei hupanda na kushuka, na anayetaka fedha zake kabla ya 2034 anaweza kuuza kwa hasara. Kabla ya kutoa fedha asome mambo mawili katika ripoti za mamlaka: maji yanayopotea ni asilimia ngapi ya yanayozalishwa, na bili zinazokusanywa ni kiasi gani cha zinazotolewa.