Itunze Kabureta ya Pikipiki

Maziwa hayangoji. Pikipiki ikizimika njiani asubuhi, maziwa yatachacha kabla ya kufika kituoni, na mapato ya siku yatapotea. Mara nyingi kosa huwa katika kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa.

Zima injini, iache ipoe, kisha funga koki ya petroli. Legeza skrubu iliyo chini ya kibakuli cha kabureta, na petroli itokayo uikinge kwa kopo. Ukiona maji au uchafu, fungua kibakuli ukisafishe. Jeti, ile skrubu ndogo ya shaba yenye tundu, izibue kwa kuipuliza kwa pampu. Usiichokoe kwa waya, kwani shaba ni laini. Tundu likipanuka petroli itapotea bure. Kazi hii isifanywe karibu na moto wala sigara.

Ukitaka kabureta mpya, usichague kubwa ukidhani utapata nguvu zaidi. Peleka ile ya zamani dukani ulinganishe upana wa koo lake.

Wakulima wa nyanda za juu, kama Kinangop iliyo zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, wakumbuke kwamba hewa huko ni nyepesi. Jeti ifaayo Mombasa huko hupitisha petroli kupita kiasi. Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, safisha kwanza chujio la hewa. Ikizidi kuwa nyeusi, mwambie fundi atie jeti ya namba ndogo zaidi. Plagi ikiwa nyeupe, petroli ni haba, na injini yaweza kuungua.

Pikipiki ikikaa wiki kadhaa bila kazi, mwaga petroli ya kibakulini, isije ikaganda na kuziba jeti.