Je, Wajua? Rada Haizuiwi na Mawingu ya Shengena

Je, wajua kwamba setilaiti inaweza kugundua msitu uliofyekwa usiku wa manane, mvua ikinyesha? Shengena, chenye mita 2,462, ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, na msitu wa Chome unaokizunguka hupata mawingu kutoka Bahari ya Hindi. Kamera ya angani ikipita siku yenye mawingu huambulia weupe mtupu. Rada haingoji jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kupima yanavyorudi, kama mtu anayeita mbele ya jabali akasikiliza mwangwi. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa Aprili 2014, hufanya hivyo kutoka kilomita 693 juu, na picha zake hutolewa bure.

Je, wajua kwamba urefu wa wimbi ndio unaoamua kitakachoonekana? La Sentinel-1 lina sentimita 5.6 hivi, nalo huishia kwenye majani na vitawi. La ALOS-2 ya Japani, karibu sentimita 24, hupenya hadi matawi makubwa na shina. Setilaiti ya Biomass, iliyorushwa Aprili 2025, hutumia wimbi la sentimita 70 hivi ili kukadiria uzito wa miti yenyewe.

Na ni nini hasa kinachofyeka misitu hiyo? Duniani, malisho ya ng'ombe ndiyo yanayoongoza kwa kumaliza misitu ya tropiki, hasa Amazon. Brazil ilianza zamani kutumia rada ya ALOS, mtangulizi wa ALOS-2, kuwafuata wakataji waliojificha chini ya mawingu ya masika.

Upareni mambo hayako hivyo. Milimani ng'ombe wengi hukaa bandani na nyasi hukatwa na kupelekewa. Makundi makubwa yako tambarare. Kilichoisumbua Chome kwa miaka mingi ni mkulo, mti wa mbao nzuri, unaoangushwa na kupasuliwa humohumo msituni. Hapo Sentinel-1 hupata shida, kwa sababu kila nukta ya picha yake ni kama mita kumi kwa kumi. Mkulo mmoja ukianguka katikati ya majirani wenye matawi mapana, pengo lake laweza kupita bila kuonekana. Miguu ya askari wa misitu bado ina kazi.

Je, wajua kwamba milima nayo huidanganya rada? Rada hutazama kwa ubavu, si wima. Mteremko unaoielekea hubanwa na kung'aa kupita kiasi. Ulio nyuma, ukiwa mkali, hubaki kivulini kabisa. Anayechunguza magenge ya Upare hutafuta picha za njia mbili, setilaiti ikipanda kaskazini na ikishuka kusini.

Tambarare ina hila yake. Mji wa Same uko upande ulionyimwa mvua na milima, na miti mingi huko hupukutisha majani kiangazi. Mvua ya kwanza ikilowesha udongo, mwangwi wa rada hupanda ghafla ingawa hakuna mti hata mmoja ulioota. Mchambuzi mgeni ataandika kwamba pori limerudi!

Na pori la Mkomazi, kando ya milima hii, je? Lilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na kufikia 1988 wafugaji walikuwa wameondolewa, wakilaumiwa kwamba mifugo yao inaharibu ardhi. ERS-1, setilaiti ya kwanza ya rada ya Shirika la Anga la Ulaya, ilirushwa baadaye, 1991. Mwaka 2002 mtafiti Dan Brockington alichapisha kitabu kinachohoji ushahidi wa lawama hizo. Kwa maoni yangu, hata rada ingekuwapo isingemaliza ubishi: huonyesha mti umetoweka, haionyeshi kama ni ng'ombe, moto au shoka.

Je, wajua kwamba suala hili limefika hadi kwenye kahawa ya Usangi, Upareni? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa, na pia nyama na ngozi ya ng'ombe, zisitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba litajwe kwa majiranukta yake ya ramani. Kahawa ya Upareni hukaa chini ya migomba na miti ya kivuli, kwa hiyo kwa rada shamba hufanana na msitu. Mzee akiangusha migrivea yake michache apate mbao, picha yaweza kusomeka kama ufyekaji, na hapo itabidi mtu wa ushirika apande hadi shambani akajionee.