Siku ya Matawi: watoto walianza lini kutangulia njiani?

MUZIKI: Unasikika kidogo, kisha unashuka.

MTANGAZAJI: Wazazi wetu, na ninyi wadogo zangu mlio kambini, leo tuongee juu ya Siku ya Matawi, Jumapili inayotangulia Pasaka.

Mwaka uliopita mdogo wangu aliamka alfajiri akaenda kukata tawi kwenye shamba la jirani, nje ya kambi. Alirudi analia. Mwenye shamba alikuwa amemnyang'anya tawi na panga letu pia, na mama ilibidi aende kuomba msamaha. Mtoto akaniuliza, "Yaya, bila mtende nitaandamana namna gani?" Sikuwa na jibu, nikaanza kuuliza na kusoma.

Maandiko yanasema Yesu alipoingia Yerusalemu watu walikata matawi ya miti wakayatandaza njiani. Anayetaja mitende ni Yohana. Matayo anaongeza kwamba watoto walishangilia hekaluni, wakubwa wakachukia.

Miaka ya 380 hivi, mwanamke msafiri aitwaye Egeria alifika Yerusalemu, akawaandikia dada zake wa nyumbani aliyoyaona. Jioni ya Jumapili hiyo watu walitelemka Mlima wa Mizeituni kwa miguu. Watoto wote walishika matawi, mengine ya mtende, mengine ya mzeituni. Wale wasiojua bado kutembea walibebwa shingoni na wazazi wao. Watu walienda pole pole, asichoke mtu.

MUZIKI: Sekunde tano.

MTANGAZAJI: Desturi hiyo ilienea, lakini mtende hauoti kila mahali. Italia wanabeba mzeituni. Poland na Urusi, kwenye baridi kali, wanachukua mti wao unaowahi kuchipua.

Hapa Burundi, Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, na ya Mugera, upande wa Gitega, mwaka 1899. Michikichi inapenda joto la Imbo na Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika. Giheta iko juu, zaidi ya mita 1,500, na kuna baridi. Mtoto wa Giheta hawezi kungojea mchikichi utoke Rumonge, wala wa huku Muyinga. Angalieni jina la siku yenyewe: kwa Kiswahili ni Matawi, kwa Kirundi ni Amashami. Jina la mti halimo.

Kwa hiyo wazazi, tufanye hivi:

Kwanza, tusitume watoto peke yao na panga kwenye mashamba ya watu. Tukitaka tawi, mtu mzima aende kumwomba mwenye mti.

Pili, tawi moja lililoombwa linatosha nyumba nyingi. Ligawanyeni, kila mtoto apate kijani chake.

Tatu, miti michanga iliyopandwa kushika udongo tusiiguse kabisa. Mvua ya mwezi wa nne haina huruma.

Nne, baada ya misa msitupe. Matawi makavu hukusanywa mwaka unaofuata, yanachomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa Jumatano ya Majivu.

Na ninyi majirani wa dini nyingine, mkiona watoto wanapita wakiimba, tuwachungeni pamoja pale barabarani, magari yasiwakute.

Mwaka huu mdogo wangu atabeba kitawi cha avoka kutoka kwa jirani yule yule. Safari hii mama alikwenda kuomba mapema. Panga nalo limerudi.

Mbaki salama. Tusikilizane wiki ijayo.

MUZIKI: Unapanda, kisha mwisho.