Mtoto Asiyeitika Huenda Hasikii

Chuoni kwangu alikuwako mtoto wa miaka saba ambaye sini na shini kwake zilikuwa herufi moja. Nikimsomea uso kwa uso, husoma. Nikigeukia ubaoni, hunyamaza. Nilimwita mzito, na siku moja, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimwadhibu mbele ya wenzake kwa kutoitika. Baada ya Alasiri alikuja nyanya yake, akaniambia kwa adabu iliyonichoma kuliko matusi: "Sheikh, mtoto huyu asipokuona midomo, hasikii."

Sini, shini na thaa ni herufi za sauti nyembamba, na mara nyingi sauti za namna hiyo ndizo zitanguliazo kupotea sikio linapopungukiwa na nguvu. Mtoto hutambua kwamba unasema, asijue unasema nini. Basi huitwa mkaidi, mvivu wa kuhifadhi, au mwenye shetani, na mama yake huambiwa hakujua kulea.

Sisi huadhini katika sikio la kulia la mtoto mchanga, na ni jambo jema. Lakini ni wazazi wangapi waliowahi kuuliza iwapo sikio lile lasikia? Wataalamu huusia mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita, kwa sababu lugha hujengwa mapema mno. Sisi wengi hushtuka mtoto akiwa na miaka mitatu hasemi, na hata hapo huambiana kwamba babu yake naye alichelewa kusema.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Mashine ya kawaida ya kupimia watoto wachanga huuzwa kwa maelfu ya dola, na wataalamu wa masikio wengi wako mijini. Mama wa Faza apande chombo hadi Lamu, avuke Mokowe, kisha ashike basi la Mombasa, na kitoto mgongoni.

Ndiyo maana nilifurahi kusoma habari za kifaa kilichotangazwa mwaka 2022 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ambao wamekuwa wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wamechukua spika za masikioni za bei nafuu na maikrofoni ndogo, wakaviunganisha na simu. Vipande vyote vyagharimu kama dola 10. Sikio zima lina ajabu yake: likipelekewa sauti mbili kwa pamoja, nalo kwa ndani hutoa sauti ya tatu, hafifu mno. Maikrofoni huidaka, na simu huipambanua. Mtoto hahitaji kujibu lolote. Hata akiwa usingizini hupimwa. Walipokijaribu kwa masikio 201, hakikukosa hata moja lenye tatizo, ingawa katika masikio mazima, kama moja kati ya tisa lilitiliwa shaka bure. Kwa hiyo anayeambiwa arudie asilie. Nta au maji ndani ya sikio hutosha kuleta jibu hilo.

Kwa watoto wakubwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, walitengeneza programu ya simu ambayo mhudumu wa afya wa kijijini aweza kuitumia baada ya mafunzo mafupi. Mtoto huvaa spika, huinua mkono asikiapo mlio, na majibu hutumwa kwa mtaalamu aliye mbali.

Kupima si kutibu, na bei ya vifaa vya kusaidia kusikia bado ni mzigo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Chanjo ya surua ni kinga ya masikio pia. Manjano kali ya mtoto mchanga ni ya kukimbiziwa hospitali. Usaha sikioni hautibiwi kwa mafuta ya moto wala maziwa ya mama, hata kama bibi zetu walifanya hivyo kwa mapenzi.

Yule mtoto alipimwa akiwa na miaka tisa, nyanya yake alipouza mbuzi wawili. Siku hizi ni baba. Juzi aliniita kumwadhinia bintiye, na nilipomaliza, kabla hata ya kahawa, aliniuliza: "Sheikh, huyu nimpeleke wapi akapimwe?" Nilimwambia aanzie kliniki atakapopata chanjo, aulize waziwazi kipimo cha masikio, na wakisema hawana, aombe barua ya rufaa siku hiyo hiyo.